Upana wa Kidole

Fundi Lugembe aliegemeza kidole gumba ukutani
akasema: hapa ubao hautafika.
Nikadhani ananiibia.

Nilikuwa nimelipia mbao mia moja na nne,
mninga wa Tabora, inchi nne kwa moja,
pesa ya kiinua mgongo, miaka thelathini na moja
ya kuwapima watoto uzito kliniki ya Igoma.
Nilizihesabu zilipoteremshwa.
Nikazihesabu tena usiku, kwa tochi ya simu.

Kule Nyakato muuzaji alianza na msonobari:
mweupe, mwepesi, bei ya kuchekea.
Nikaukwaruza kwa ukucha, alama ikabaki imejiandika.
Akanipeleka kwenye mtiki. Akanigongea mkongo,
ukalia kama mlango wa benki.
Kisha akatia mate kidoleni,
akakipitisha juu ya ubao uliojaa vumbi,
na chini ya vumbi kukafunguka
rangi ya chai iliyosahaulika jikoni,
mistari ikikimbia, ikigeuka, ikirudi.
Nikasema, "Huu hapa."
Sikuwa nimeuliza bei.
Wewe uliza bei kwanza.

"Zilale ndani wiki mbili," Lugembe aliagiza,
"zizoee hewa ya nyumba."
Zikalala sebuleni, vijiti vikizitenganisha safu kwa safu,
wageni nikawapokelea jikoni.
Dada yangu Nyanzobe akavuka kutoka Ukerewe,
akachungulia, akakishika kitenge chake kifuani:
"Mbao zote hizi, majeneza ya nani?"
Tulicheka mpaka chai ikapoa.
Usiku ule hakulala karibu nazo.

Halafu jiwe.
Huku Isamilo nyumba hujengwa kwa kuyabembeleza mawe,
na la kwetu lilikataa kuhama kona ya magharibi.
Marehemu Kwilasa alilipiga Jumamosi tatu
kwa nyundo ya kilo sita.
Jumamosi ya nne akalifunika kwa saruji,
akaweka televisheni juu yake,
na neno jiwe halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Lugembe akabandua saruji.
Akakata boksi la sabuni, akalisogeza, akalikata tena,
hadi karatasi ikajua kila nundu.
Akaihamishia kwenye ubao,
akauchonga taratibu, kwa patasi na kwa pumzi,
kama fundi cherehani anavyokata shingo ya gauni.
Chini alishatandika nailoni, dawa ya mchwa,
papi za mbili kwa mbili, pima-maji ikitulia jicho katikati.
Ulimi ukaingia kwenye mfuo, tok.
Tok. Tok. Siku nne nzima, tok.

Na kote pembeni, hata kulizunguka jiwe,
aliacha ule mwanya.
"Fundi, mbao zimepungua?"
Hakukasirika. Akaonyesha dirisha.
"Ziwa lile pale, mama. Masika ubao hunywa.
Usipoupa pa kunenepea
utainuka katikati, ukutoe kwenye nyumba yako."

Nikanyamaza.
Nikapiga msasa mwenyewe ile kona ya jiwe, nikapaka mafuta
kwa fulana kuukuu ya Kwilasa, na mikono ikanuka
wiki nzima.

Sasa ni Machi. Mvua imepiga bati tangu alfajiri,
ziwa limepotea, Bugando imepotea,
na sakafu inaongea peke yake:
neno moja karibu na mlango,
jibu lake, baadaye sana, chini ya kochi.
Nimepiga magoti nikaingiza kidole ukutani.
Januari kilizama chote.
Leo umeingia ukucha tu.

Kunywa, nikauambia.
Nikakaa palepale chini, mgongo kwenye jiwe,
nikawaza miaka yetu miwili mitatu ya mwisho,
mimi na yeye, ukuta kwa ukuta,
na kile kilichoinuka katikati.

Lugembe amepiga simu mara mbili.
Ubao mwembamba wa kuficha mwanya uko tayari,
ameshaupiga randa, nusu saa tu inatosha.
Nimemwambia asubiri kwanza.
Bado nautazama.